Kidudu Kisicho na Macho

Shikamoo, Mzee Mihayo.

Marahaba yako haitakuja, najua, lakini siwezi kuanza na jingine. Leo Jumapili maabara imefungwa, nami nimekalia stuli yako kwa kuwa yangu imevunjika mguu. Karani mpya alizitoa chupa zako za konokono dirishani, eti zinanuka. Nimezirudisha, na tumegombana. Ungekuwepo ungesema Zuhura wa Chemchem hana adabu, kisha ungecheka.

Mzee, nimekukosea. Nimekukosea vibaya.

Unaikumbuka siku tuliyopima lile bwawa la upande wa Lusu, kwenye njia ya zamani ya misafara? Njiani ulinieleza kwamba babu yako mpagazi aliwahi kusema wenzake walikuwa wakipita pale bila kulala, na hakuna aliyejua sababu. Tukacheka. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakuzidi, ila hukutaka ofisi ijue, kwa hiyo kwenye darubini nilikuwa naangalia mimi, wewe unauliza. Tuliwaweka konokono juani ndani ya glasi ya maji, na ilipofika saa sita vile viluwiluwi vikaanza kuwatoka, vidogo hata punje ya chumvi ni kubwa. Ukaniuliza ni nini. Nikajibu: mnyoo bapa, bado mchanga. Mkia? Umegawanyika panda, nikasema. Ukauliza tena:

"Kina macho, Zuhura?"

Ulikuwa umenifundisha mwaka mzima. Chenye vidoa viwili vyeusi kichwani ni cha ndege. Kikimwingia mtu kitamwasha, kisha kinafia kwenye ngozi. Kisicho na macho ndicho cha kuogopa, maana hicho kinamtafuta binadamu na kumletea kichocho. Nilijua yote hayo. Lakini nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi, yule bwana wa wilayani aliyetaka karatasi ya kuhamishia watu anatazama saa, na mimi nilikuwa nimemwaga aidini nyingi mno, ile dawa ya kuvitia rangi, kioo kizima madoadoa. Nikaona madoa mawili yamekaa karibu karibu. Nikasema, "Yapo, Mzee. Mawili."

Ukaandika "cha ndege" na kutia sahihi. Kwa karatasi ile watu wakahamishiwa pale, nyumba zikapangwa mistari kando ya maji. Mkeo yumo, na wajukuu zako wamo.

Alhamisi nilikwenda kwenye arobaini yako. Mama, mkeo, alinipokea vizuri, akanipa uji, akanionyesha nyumba. Basi mjukuu wako mmoja akatoka nyuma ya nyumba anawatambia wenzake kuwa na yeye amekojoa damu. Na yeye! Kumbe wapo wengine. Wakubwa wakacheka, Mama akasema, "Ameanza kuwa mwanamume huyo." Nikaweka bakuli la uji chini. Niliaga mapema, nikateremka bwawani na kopo, nikaokota konokono.

Ijumaa niliwaweka juani kama ulivyonifundisha. Sikutia aidini hata tone. Saa sita vikatoka. Nikaangalia kimoja, nikaangalia kingine, nikaangalia mpaka shingo ikauma. Vyote mkia wa panda, vyote vinapiga mbizi na kurudi juu bila kupumzika. Hakuna hata kimoja chenye macho. Nikatoa na kioo chetu cha siku ile kwenye sanduku. Ni madoa ya dawa tu, Mzee. Nililia hapo hapo mezani.

Sasa sikia na hili. Jana Jumamosi nilirudi, mwenyekiti wa kijiji akaniitishia mkutano. Nikataka kuwaonyesha kwamba na mimi mtoto wa mjini nimejifunza Kinyamwezi kwako. Uliniambia mgonjwa wa kijijini hasemi ana mnyoo, anasema ana nzoka tumboni. Basi nikasimama, nikapaza sauti: kwenye maji yenu mna nzoka, nyingi. Nilikuwa nimesahau kuwa nzoka ni mnyoo, na nzoka ni nyoka. Sikumaliza hata sentensi. Wanaume wakachukua fimbo, wanawake majembe, wakaingia majini mpaka kiunoni wanafyeka matete, watoto nyuma yao. Jua lilikuwa utosini, saa ile ile vidudu vinapotoka! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakadhani nashangilia.

Walitoka wamelowa, wanacheka. Wametafuta kila upande, nzoka hakuna. Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu umeponza kijiji. Nilipojaribu kuwaeleza upya, mwenyekiti alinijibu kwa upole, "Dada, maji haya Mzee Mihayo alishayapima." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Sasa wana ushahidi mara mbili, wa kwako na wa fimbo zao.

Na kesho asubuhi wanaanza kupanda mpunga wa kijiji pale bwawani. Watakuwa majini wote, kutwa nzima, wajukuu zako wakiwa mstari wa mbele.

Nimewaza nifanyeje. Ningeweza kusema mzee alikuwa haoni. Lingekuwa kweli, na wangenielewa upesi, maana marehemu hajitetei. Lakini Mama amebaki pale na heshima ya jina lako tu. Halafu ulichokosa wewe kilikuwa nini? Kuniamini?

Nimepata nafasi kwenye lori la pamba linaloondoka alfajiri. Nimeshaandika karatasi mpya ya ofisi: aina ya kidudu, mahali, na jina la aliyekosea, Zuhura. Nitamsomea Mama kwanza kabla ya mwenyekiti. Naogopa uso wake kuliko kufukuzwa kazi.

Pumzika, mwalimu wangu. Ulinipa kazi yako yote, nami nakuahidi sitaificha nyuma ya kaburi lako. Kesho nitasema. Wasiponisikia, nitakaa kwenye njia ya kuteremkia bwawani, nimrudishe mtoto mmoja mmoja kwa mkono wangu.

Zuhura