Sauti ya Gari Yako Niliiba Mimi

Mzee Wafula,

Wacha nianze na ubaya, maana wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Nimekukosea. Nimekukosea ukiwa tayari chini ya mchanga, mahali huwezi kunirushia spana wala kuniita mjinga, na hiyo ndiyo inanichoma zaidi. Naandika nikiwa hapa kazini. Wenzangu wameenda kula na mlango nimeufunga.

Gereji yako pale Huruma wameichukua watu wa kuchomelea mageti. Ule ukuta uliokuwa unapangusia mikono wameupaka rangi ya kijani, lakini mafuta yako yanatokea tu, wapake mara ngapi. Mama Nekesa wako bado anauza mboga pale pale mbele. Anakusalimia kila asubuhi, usidhani amekusahau. Na mimi bado niko na hii stesheni ya televisheni niliyoendea baada ya miaka minne ya kukushikia spana. Ulisema, "Enda, Chebet. Hata huko wanahitaji mtu ako na masikio." Kazi yangu ni kutengeneza matangazo. Naunganisha picha, muziki na sauti, mtu akiona atamani. Ni kazi nzuri. Ni mimi niliichafua.

Sasa sikia. Mwaka huu Eldoret tuliletewa mbio za magari ya umeme. Si hizi pikipiki za umeme ulizoziacha. Ni gari za mashindano kabisa, zimelala chini, hazina tone la petroli, na zinakimbia mpaka unashika meza. Stesheni yetu ikapewa kazi ya kuzitangaza na kuzionyesha moja kwa moja. Waliozileta walitutumia picha, nikaziweka kwa skrini. Mzee, zilikuwa tamu! Lakini gari inapita na huisikii. Unasikia tu kitu kama nyuki ndani ya mzinga, halafu tairi, halafu imeenda.

Bosi wangu akasimama nyuma yangu, akaangalia mara moja. "Chebet, hizi ni gari ama ni friji? Nani atatoka kwake Jumamosi kuja kuona friji zikifukuzana?"

Chumba chote kikacheka. Na mimi nikacheka, eti nisionekane mshamba.

Na nilikuwa na la kumjibu. Unakumbuka pikipiki ya kwanza ya umeme kuletwa kwako? Mwenyewe analalamika ina shida, lakini hakuna mtu anasikia kitu. Ukachukua ile bisibisi ndefu, ncha ukaiweka kwa mota, mpini ukaubandika kwa sikio, ukatufukuzia kelele zetu. Tulikucheka sana. Ulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Ukainuka ukasema, "Hii pia inalia. Ni nyinyi hamnyamazi." Ukataja beringi inayokufa, tukafungua, na ilikuwa hiyo.

Kwako kila shida ilikuwa kulia. Mteja analeta hadithi ndefu, safari ya Kitale, mvua, shemeji, na wewe unamkata: "Wacha hiyo. Kari inalia wapi?" Kari! Nikikurekebisha, sema gari, unasema Mkalenjin gani huyo wa kufundisha mtu Kiswahili, na kwenu baba anaitwa papa. Basi tunacheka, hakuna anayemshinda mwenzake.

Kwa hivyo nilijua. Hakuna mahali pa kujificha hapo. Nilijua hizo gari zina sauti yao, na kama mtu angenyamaza kidogo angeisikia. Lakini kunyamazisha watu ni kazi ngumu, kuwadanganya ni rahisi. Nikafungua simu yangu.

Ile siku pickup yako iliwaka baada ya kukaa juu ya mawe miezi minane, ni mimi nilishika simu nikirekodi. Uliingia, ukakohoa kile kikohozi chako cha asubuhi, ukaigonga dashibodi kama mtu anayeamsha mgeni, ukasema, "Haya mama, lia!" Na ikalia kweli! Kuku wakaruka ukuta. Mama Nekesa akaacha wateja akaja mbio na kisu cha sukuma mkononi, akidhani kuna vita. Wewe ukakanyaga mafuta tena na tena, unacheka na mdomo wazi. Tangu tulipokuzika kwenu Bungoma nimeisikiza hiyo rekodi sijui mara ngapi. Sina nyingine yenye sauti yako.

Hiyo ndiyo nilikata nikaibandika juu ya gari za umeme.

Nilitaka kukutoa wewe, niachie injini peke yake. Haki nilitaka. Kidole kilikuwa tayari kwa kitufe. Bosi akapita: "Wee, huyo mzee ni nani? Hiyo 'lia' usiitoe! Hiyo ndiyo tangazo lenyewe!"

Nikamjibu, "Ni sauti tu nilipata mahali."

Mzee, ulinifundisha kila kitu ninachojua kuhusu kusikia. Nimekula kwako ugali na mboga ya tsisaga miaka minne. Halafu mtu ananiuliza wewe ni nani, nasema sauti tu nilipata mahali. Sijawahi kujiona mdogo hivyo, na wakati huo hata sikujiona. Hiyo ilikuja baadaye.

Tangazo likavuma. Wiki mbili mji wote ulikuwa unasema neno lako. Makanga wakigonga mlango wa gari, "Lia!" Watoto wa shule wakifukuzana, "Lia!" Mwenye duka la chini alikuwa akiwasha jenereta, "Haya mama, lia!" kisha ananikonyeza. Kazini walinipigia makofi kwa mkutano. Sitakuficha, nilifurahia. Nilitembea mjini nikijisikia mtu.

Halafu Mama Nekesa akapiga simu, mapema, kabla sijavaa viatu.

"Chebet, mzee yuko kwa TV."

Nilikaa kitandani.

"Nimemsikia kwa jirani. Amekohoa, akasema lia. Ni yeye. Na hiyo ni kari yetu." Hakuuliza umefikaje huko. Aliuliza kitu kimoja tu. "Hiyo Jumamosi itakuwa huko? Italia nisikie?"

Unajua pickup ilienda na mwenye kuinunua ulipokuwa umelazwa hospitali. Mama hajawahi kuisikia tena. Nilijua anachouliza si mambo ya mashindano. Na mimi nikasema, "Njoo Mama, nitakuwekea kiti mbele kabisa." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimpa kiti.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mama akaja na kitenge chake cha kanisa, sweta na mwavuli, nikamkalisha mbele kama nilivyoahidi. Gari zikatoka. Watu wakanyoosha shingo wakingoja ule mngurumo wa tangazo. Gari ya kwanza ikapita, fyuu. Ya pili, fyuu. Watu wakaangaliana. Kisha huko nyuma jamaa mmoja akapaza sauti, "Lia!" Kicheko. Mwingine akajibu, "Haya mama, lia!" Mara uwanja mzima, Mzee, uwanja mzima unapiga makofi na kudhihaki gari kwa neno lako. "Lia! Lia! Lia!"

Mama Nekesa alikuwa katikati ya hicho kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile mtu anasikiza kama ameitwa kutoka mbali. Akanigeukia.

"Chebet, mbona hazilii?"

Hapo Mungu alinipa nafasi, na mimi nikasema, "Mama, spika zimeharibika. Kesho zitakuwa sawa."

Spika! Nilimwambia hivyo mke wa fundi.

Akatikisa kichwa pole pole, akasema, "Sawa. Basi nitakuja kesho."

Kesho yake ni Jumapili, siku ya mwisho ya mbio. Wewe unajua Mama Nekesa na kanisa. Wiki uliyozikwa alisimama kwa kwaya, sauti imekauka, lakini akasimama. Jumapili hii hakuenda. Nilimwona kwa skrini. Nilikuwa ndani ya gari letu la kurushia matangazo, headphone kwa masikio, kamera ikapita kwa watazamaji, na huyo hapo, kiti kile kile, mwavuli juu ya magoti. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuweka sauti ya pickup yako juu ya picha zinazoenda hewani. Yaani watu wenye wamekaa kwa nyumba zao walikuwa wanakusikia wewe. Yeye aliyeacha kanisa akuje, alisikia upepo.

Kutoka kwa hilo gari mpaka kwa kiti chake ni hatua kama hamsini. Sikuenda. Nilijiambia niko kazini.

Na kuna jambo lingine lazima nikuambie, kwa sababu linaniongezea aibu. Mbio za mwisho, gari mbili zilishikana bega kwa bega raundi tatu. Watu wakasahau mzaha wao. Uwanja ukanyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Nikatoa headphone. Mzee, ilikuwa tamu ajabu! Unasikia tairi zikishika kona, unasikia mota zikiimba, unamsikia mama mmoja huko juu akisema "aki pita, pita," na ya nyuma ikapita, na watu wakaruka kama wanapokea mkimbiaji wao nyumbani. Kwani sisi hapa ni wageni wa mbio? Tumeshangilia wakimbiaji maisha yetu yote, na hakuna siku tumemwambia mtu angurume. Hizo gari hazikuhitaji uongo wangu. Zilikuwa zinahitaji mtu wa kusema tu, njooni msikize.

Niliporudisha macho kwa skrini, Mama alikuwa anasimama. Gari ya mwisho ilikuwa imeshaegeshwa. Akafunga mwavuli na akaenda.

Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nikachukua sukari na mkate nikaenda Huruma. Alikuwa anafunga sukuma mafungu mafungu. Hata sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: rekodi, tangazo, nilivyomjibu bosi, spika. Aliendelea kufunga. Akamaliza fungu, akaweka, akachukua lingine.

"Nimekaa na fundi miaka thelathini na moja," akasema. "Kari inalilia kwa spika?"

"Hapana, Mama."

"Nilijua hapo hapo Jumamosi."

Nikamuuliza, basi Jumapili ulikujia nini?

Akaniangalia, Mzee. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nilikuja kwa sababu yako. Nilisema huyu mtoto amekula kwangu. Pengine Jumamosi ameaibika mbele ya watu. Akiniona tena, atakuja aniambie. Nikangoja mpaka ile ya mwisho."

Nililia, hapo katikati ya mboga, wateja wakiangalia. Yeye akanisogezea kiti kwa mguu, akanipa sukuma nifunge.

Leo asubuhi nimemwambia bosi wewe ni nani, jina lako lote, na kazi yako, na vile nilikuiba. Tangazo nimelitoa. Amefoka, acha afoke. Lile jipya litaenda na sauti ya hizo gari zenyewe, na kama hataki, atafute mtu mwingine wa kulitengeneza. Rekodi nimeiweka kwa simu ya Mama, kamili, na kikohozi na kuku na kicheko. Sijui kama ameisikiza. Sijamuuliza, hiyo ni yenu wawili.

Pumzika, Fundi wangu. Siombi unisamehe leo. Fikiria kwanza, una muda. Lakini nakuahidi jambo moja, na ukiweza lishike: mama huyo hatakaa tena mahali popote akiningoja niseme ukweli. Jumapili hii nitaketi naye kanisani, benchi moja, na kama kuna kitu cha kusema nitakisema kabla hajageuza shingo.

Chebet wako