Baruti ya Kufungulia Mwavuli

Mke wangu Mama Zuhura,

Huku Rufiji wali mpya unanukia hadi barabarani, ila leo nimeuacha sahanini. Mchana huu tumerusha ile roketi ya kupigia picha mikoko kutoka juu. Kwenye kichwa cha injini yake, ile tunayoijaza upya kila safari, kuna kishimo cha baruti gramu moja na nusu. Ndiyo inayofyatua mwavuli wa kuishusha roketi polepole. Ikimwagika, roketi yote, kilo tatu, inashuka kama mkuki. Kukiziba ni kazi yangu, na Kassimu, anayejiita mshirika, kaniletea tepu za siku hizi: madukani zimejaa, inayonata hakuna. Kwa unyevu huu ilibanduka mara mbili, nikaishia kuziba kwa karatasi ngumu na gundi ya viatu.

Kabla ya kurusha nikamsihi Bi Mwajuma, mwenye shamba la jirani, ashuke kwenye dungu lake la kulindia mpunga, isije ikamwangukia.

“Nikishuka, ndege watakula. Weye si umeziba?”

“Nimeziba, mama.”

“Basi panda tukae wote. Au gundi yako waiamini ukiwa mbali?”

Nikapanda. Kassimu akaiwasha toka chini, roketi ikanguruma, ikapotelea juani. Nikawa nahesabu sekunde kwa sauti huku nawawaza wewe na watoto. Bi Mwajuma akaacha kunicheka, akanishika mkono. Halafu kitambaa chekundu cha mwavuli kikachanua juu ya mikoko.

Gundi imeshika, mke wangu. Roketi imeshashuka, mimi ndiye bado. Niko huku huku dunguni, nakuandikia. Nibusie watoto, nawe Mungu akutunze mpaka nifike.

Baba Zuhura