Gundi kwenye mkono wa kreni

Wewe! Shemeji kampasua daktari wa meno kichwa. Kwa kreni! Ile kreni yake ya matofali ya plastiki ya kuchezea, aliyoijenga miezi minane!

Tuko klabuni kwetu wajenzi wa matofali hayo, kreni inanyanyua kilo mbili, watu wazima tunapiga makofi. Daktari akaunusa mkono wa kreni. "Hapa kuna gundi."

Gundi! Klabuni kwetu vipande hushikana vyenyewe; kuliko kumwambia mtu katia gundi, afadhali umtukanie mama yake.

Shemeji akasema, "Rudia." Akarudia, mjinga yule! Kreni ikamshukia utosini. Damu mezani, vipande kila kona.

Vyote viliachana, isipokuwa ule mkono. Umegandamana kama chuma.

Shemeji anautazama, analia, anaapa hajatia gundi.

Na kweli hajatia. Nilitia mimi asubuhi, kipande kimoja cha mkono kilipokatika nikiufuta vumbi.