Chai ya mwaka mzima

Nduku uko? Ndinda wa hapa jirani anasema mama mkwe wangu ametapika nyuma ya kanisa, wamama wote wakiona. Ati ni yeye Ndinda alimwambia, "Kwani hujui chai unapewa na bibi ya kijana yako ni ya mbuzi?"

Mwaka mzima Nduku. Mwaka mzima.

Unajua vile huyu mama husema maziwa ya mbuzi inanuka beberu. Na unajua ya ng'ombe ilimsumbua tumbo hadi halali. Nikahamisha beberu mbali na banda ya mbuzi ndio maziwa isinuke, nikawa namchemshia hiyo na tangawizi, nikanyamaza. Akapona. Akaanza kuitisha kikombe ya pili.

Amerudi sasa hivi. Hajapiga kelele. Ameangalia sufuria akaniuliza, "Hata ile ya leo asubuhi?"

Nikasema ndio mama, ndio mwaitu.

"Na ulikuwa unaniangalia nikikunywa?"

Nikasema ndio.

Hata silii, sijui kwa nini. Nimeosha vikombe zenye zilikuwa safi.

Amekaa nje kwa jiwe, hajakula kitu. Nimemwambia, "Mwaitu, nikupikie basi chai ya strungi, bila maziwa?"

Anaangalia tu banda.