Moshi wa Mikokoni Tudor

Jumatatu, 7 Julai

Niwie radhi, daftari. Tangu nijifungue sijakugusa. Ulikuwa chini ya godoro na mimi nilikuwa juu yake, na bado sikukufikia. Arobaini imepita. Salma ananyonya kama anayelipwa mshahara. Mimi nimerudi kazini, wiki kadhaa sasa.

Leo kama kawaida. Nimejaza chupa maji ya kupangusia, nimembeba mtoto, tuktuk kutoka Mji wa Kale hadi Tudor. Mbodze, rafiki yangu na mwenzangu wa kikundi, akampokea Salma kando ya jiko lake la kuchomea muhogo kabla sijashuka vizuri. Nikavua ndara, nikaingia matopeni.

Mnara wetu ni mlingoti tu wa chuma katikati ya mikoko. Juu yake kuna vyombo vya kupima hewa inayoingia mitini na inayotoka, hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Mchana mkoko huvuta ukaa, usiku huutoa kidogo. Ndivyo alivyonieleza Injinia Mutua, mwenye kusimamia mnara. Bila namba hizo, kikundi chetu cha kupanda mikoko hakina ushahidi wa kumwonyesha mtu. Kazi yangu ni ndogo. Kupangusa kioo cha kipimo, kubadilisha kadi inayohifadhi namba, kufukuza kunguru.

Mafua ya upepo wa kusi yamenishika. Sisikii harufu wala ladha. Mgongo unauma.

Jumatano, 9 Julai

Injinia amepiga simu. Namba zimeharibika. Mikoko inaonekana inatoa ukaa mchana kweupe, wiki kadhaa sasa. Akauliza, Mama Salma, kioo unakipangusa? Nikasema nakipangusa. Kwa maji niliyokuletea? Kwa maji uliyoniletea. Akauliza tena. Nikaapa.

Kisha akasema kama kioo kinapanguswa na bado kina ukungu, basi ni masizi. Kuna mtu anachoma mkaa mle ndani.

Sijala mchana.

Alhamisi, 10 Julai

Nimezunguka mikoko mpaka maji yakanifika magotini. Hakuna tanuri. Hakuna kisiki kibichi. Moshi pekee ni wa jiko la Mbodze, kule juu barabarani. Na kusi inaupeleka huku huku kwenye mnara.

Nachukia kwamba nimeliona hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Mkutano wa kikundi. Mwenyekiti wetu, Bi Zuhura, alikwishapata habari. Hakuzungusha maneno. Ati katikati yetu kuna anayepanda kwa mkono huu na kuchoma kwa mkono huu. Watu wote wakageuka kumtazama Mbodze.

Mbodze akasimama. "Nachoma muhogo. Na nyote mnaula, tena mwataka pilipili ya bure."

Wengine wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. "Na mkaa wako watoka wapi, mwanangu? Wadondoka mbinguni?"

"Nanunua kwa gunia, Bi Zuhura, kama wewe."

Imeamuliwa Jumanne, Injinia akija, wapige kura Mbodze atolewe kikundini. Miche anayokioteshea kikundi ndiyo karo ya wanawe watatu. Muhogo ni wa chakula tu. Najua, kwa sababu aliniambia mwenyewe, Salma akiwa mapajani mwake.

Alinitazama. Nilikuwa na la kusema. Kwamba sijaona kisiki wala tanuri. Nikajifanya namnyonyesha mtoto. Mtoto alikuwa amelala.

Jumapili, 13 Julai

Mafua yameachia. Ndiyo sababu nimejua.

Nilikuwa naosha chupa ya kupangusia. Nikanusa. Marashi. Si harufu ya nyumba, nyumba yetu inanukia marashi siku zote. Hii ilitoka ndani ya chupa. Nikaenda kwenye kidumu cheupe cha Injinia, kile ninachokiweka jikoni, nikatia maji kidogo kwenye glasi na kuiinua dirishani. Rangi ya manjano, hafifu mno.

Nikamuuliza mama mkwe. Akafurahi kuulizwa.

"Hilo ni kombe, mwanangu. Nalikutilia tangu arobaini yako. Wenda matopeni na mwana mchanga, mato ya watu, na mengine yako huko. Nami nakuona wayachukua yale maji kila siku."

Kombe. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, mtu anakunywa au anaoga ajikinge na macho ya watu na mashetani. Mama mkwe amedhani ni maji yangu ya kunawa. Wiki zote hizi nimekipaka kioo zafarani na marashi, nikakausha kwa pamba, na juu yake chumvi ya bahari.

Alinitilia kwa mapenzi. Nikakaa ngazini na kulia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ni ya nani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwambia mama mkwe. Asubuhi, kabla ya chai, nisije nikaogopa.

"Sasa dua yangu imekuwa uchafu?"

Nikamwambia hapana, Mama. Kioo hakijui dua wala matusi. Kinataka maji matupu. Nikamwambia kuna mwanamke atatolewa kesho kwa ajili yetu.

"Na mimi nitangazwe mji mzima, mke wa marehemu shehe, ati naharibu mitambo ya watu."

Amejifungia chumbani. Baba Salma, dereva, amepiga simu kutoka njiani, analeta basi stendi ya Mwembe Tayari usiku. Ameshauri niseme maji yalichacha, basi, yaishe. Nimemjibu hayataisha. Watasema namtetea rafiki yangu. Inabidi chupa inuswe, na ikinuswa wataniuliza ni nani aliyetia. Sitadanganya juu ya aya. Wala sitamdhalilisha mama yake. Akasema, sasa utafanya nini? Nikamwambia mtoto analia.

Kombe lililobaki nimelimwaga kwenye shina la mwasumini, mahali pasipokanyagwa. Nimebakisha chupa moja.

Jumanne, 15 Julai

Kikundi kilikutana chini ya mnara, nami nilisimama mapema. Nikasema maji yangu yalichanganyika na kitu nyumbani. Hakuna moshi.

Bi Zuhura akapiga makofi taratibu. "Mashoga hawaumbuani."

Injinia akauliza kitu gani. Chupa ilikuwa mkobani na mkono wangu haukutoka nayo. Mbodze alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, hanitazami.

Tuktuk ikasimama barabarani. Akashuka mama mkwe. Buibui kalishika juu ya vifundo, viatu mkononi, anateremka tope kama anayeteremka ngazi ya msikiti. Hajawahi kufika huku maishani mwake. Hakunisalimia. Akanyoosha kiganja. Nikampa chupa.

Akaifungua, akaiweka chini ya pua ya Bi Zuhura.

"Nusa."

Bi Zuhura akanusa.

"Ni kombe. Ni mimi niliyetia. Huyu mke wa mwanangu hakujua, na yule mwenye muhogo hana lake. Mwenye neno na aseme nami."

Injinia hakucheka, Mungu amjalie. Akapanda mnara, akakipangusa kioo kwa maji mapya aliyokuja nayo, akafungua kompyuta, tukangoja. Alama ya usafi wa kioo ikapanda. Akasema namba za wiki zote hizi atazitupa, haziokoleki. Kisha akanigeukia. Nilikuuliza mara mbili, Mama Salma, na uliapa bila kuyaangalia maji. Kweli.

Kura haikupigwa.

Nilimfuata Mbodze jikoni kwake. Akageuza muhogo. "Leo umesema. Jumamosi ulinyamaza." Hakunyoosha mikono kumchukua mtoto.

Tulirudi nyumbani mimi na Mama ndani ya tuktuk moja, Salma katikati. Alinishika kiwiko njia nzima.

Alhamisi, 17 Julai

Upepo umetulia. Nimepangusa kioo. Mtoto nilimwacha kwa Mama, matiti yamejaa, nguo imelowa.

Injinia anataka watu wawili mnarani sasa, mmoja amwangalie mwenzake. Nimemtajia Mbodze. Kisha nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa anamwagilia miche. Nikamwomba radhi ya Jumamosi, na sikumwekea sababu. Hakusema ndiyo. Aliendelea kumwagilia mpaka mwisho wa mstari. Ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba yeye viatu anavaa namba saba.

Injinia ameniambia nimwandikie ninachohitaji, ataleta kwa basi. Naandika hapa kwanza nisisahau.

Maji ya kupangusia, kidumu kimoja, kifuniko kiwe na lakiri.
Pamba, pakiti mbili.
Kadi moja ya akiba.
Kamba mpya ya ngazi.
Buti za matope, jozi mbili. Moja namba tano. Moja namba saba.