Ndovu Waliokuja Birikani

Atieno mjukuu wangu,

Natumaini baridi ya Kanada haijakumaliza. Sisi hapa Dagoretti Corner tuko wazima, ila babu yako amenunua basi kuukuu, akatia kitanda na jiko ndani, na sasa limeziba geti. Unauliza kama nitaandamana naye tena kuzuru mbuga na kujitolea. Huyu mzee amenichosha.

Ujanani tulienda Tsavo hivyo hivyo. Siku ya kusugua birika la kunyweshea wanyama, alichukua gari akaenda kutafuta ndovu, akaniachia brashi. Ndovu wakaja wenyewe kunywa, nikawatazama nikiwa nyuma ya tangi. Jioni alirudi amenuna, hakuona hata mmoja. Mpaka leo anasema nilimdanganya.

Nitaenda. Nimeshanunua brashi mbili.

Nyanya yako