Buti Zako Nimezirudisha kwa Deo

Baba,

Shikamoo sikupi. Nilizoea kukuamkia nimepiga magoti, kitambaa mkononi, macho yangu kwenye visigino vyako. Leo nimekaa kwenye kiti, nyumbani kwangu Igurwa, na nitakuambia yote bila kuinama.

Unajua ulichonifanyia. Lakini kwa kuwa ulikuwa mwepesi kusahau unayowatendea watu, ngoja nikukumbushe.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulijaa uani kwako Mabira. Baba mdogo Felisiani akasimama kutamka wosia uliomwachia kwa mdomo. Deo, mdogo wangu, mwanao pekee wa kiume, ndiye musika, mrithi wako. Hilo nililijua tangu anazaliwa na wala sikulipinga. Wakamkalisha kwenye kiti chako, wakamvisha koti lako. Halafu zikaletwa zile buti za ngozi, nyekundu iliyoiva kama buni, na baba mdogo akasafisha koo: "Marehemu ametamka hivi: buti ni za Deo. Koku ataendelea kuzitunza."

Ataendelea! Mimi, mke wa mtu, mama wa watoto, mwenye kibanja changu na kahawa yangu. Umezikwa, na bado unanitumia kitambaa.

Nikasimama nikasema sizishiki. Mama akanivuta kitenge nikae. Kwetu neno la marehemu halikataliwi, tena mbele ya kiti chake. Wazee wakatazama chini kana kwamba nimevua nguo. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, kwani buti ni nini?"

Buti ni nini? Mama hakuwahi kuzishika, ndiyo maana anauliza.

Buti ni mimi kila jioni, nikizikuna tope kwa kijiti, nikisubiri likauke kwanza maana likiwa bichi linaingia kwenye mshono. Ni mimi nikichomoa kamba zote, nikipangusa ulimi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nikizijaza majani makavu ya mgomba ili zisilale. Ukizikuta karibu na moto, kofi. Ukizikuta juani, kofi. Ni mimi nikiyeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo, nikiipaka kwa ncha za vidole, polepole, kwa sababu ulisema ngozi haipendi mikono ya haraka. Ngozi hiyo ulijua inapenda nini. Hukuwahi kujua mimi niko darasa la ngapi.

Na nyumba ile ilikuwa na viatu vya mtu mmoja tu. Sisi vyetu tuliviacha mlangoni, hata ndala, hata mvua ikinyesha. Ulikaa kwenye kiti chako umevaa buti zako, na ukisikia hatua ulipaza sauti bila kugeuza shingo: "Nani huyo anaingia na viatu?" Wewe tulikujua kwa chuma cha kisigino. Kikilia kwenye mawe ya uani, kila mtoto alitafuta kazi ya kushika.

Unakumbuka ulivyonichukua gulioni nikuchagulie buti? Nilifurahi, mjinga mimi. Ulinifundisha yote siku ile. Bonyeza kwa dole gumba, mikunjo ije halafu ipotee. Ikunje, isipasuke rangi. Nusa, ngozi inanuka mnyama na plastiki inanuka duka. Tazama ukingo uliokatwa, usije ukauziwa karatasi iliyopakwa rangi. Tazama soli kama imeshonwa au imebandikwa gundi tu. Mimi ndiye niliyeziona zile buti chini ya rundo, mimi ndiye niliyekuambia, "Baba, hizi." Muuzaji akatazama miguu yangu, mikubwa kama yako, akauliza kama ni za binti. Ukacheka mpaka watu wakageuka. "Huyu? Ngozi itamfaa nini huyu?" Ukaninunulia ndala, tukarudi nyumbani. Buti nilizibeba mimi.

Sijasahau kicheko hicho, Baba. Nimezaa nacho, nimelima nacho.

Sasa sikia habari za musika wako. Mguu wa Deo unaogelea ndani ya buti zako. Alizijaza matambara mbele ili asidondoke. Akaenda nazo shambani masika yote, siku kwa siku, bila kuzipumzisha. Ngozi ilipoanza kukakamaa akakumbuka jinsi bibi alivyokuwa akiipaka samli ngozi ya ng'ombe ya kukalia. Basi akazipaka samli, buti nzima, ndani na nje, akazianika juani pamoja na kahawa. Ukoo mzima ulipita pale wakamsifu kwa kujua mambo ya wazee. Mbwa wako naye akapita. Ulimi wa buti ya kushoto haupo tena, na ya kulia imetafunwa shingo. Iliyobaki imepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Nilipoambiwa, nilicheka kama wewe ulivyocheka gulioni. Nikatamani ungekuwa hai uone.

Lakini unadhani alilaumiwa Deo? Au mbwa? Wanasema nimekataa neno lako ndiyo maana buti zimeharibika. Jumamosi hii wanajengea kaburi lako kwa saruji, na Deo anatakiwa asimame kichwani pako akiwa na vitu vyako. Kaja mpaka kwangu na bodaboda, buti ziko kwenye gunia, machozi yanamlenga. "Dada, nakuomba, watanicheka." Nyuma yake ukafuata ujumbe wa baba mdogo: nisipozirudisha zikiwa safi, nisikanyage kaburini. Nikae kwa mume wangu kama mtu asiye na baba.

Nilikaa nazo uani jioni ile. Nataka ujue kilichotokea, kwa sababu hicho ndicho kinachonikasirisha kuliko yote. Mikono ilianza yenyewe. Nilichomoa kamba. Nilitafuta majani ya mgomba, nikajaza buti moja, nikaisimamisha, na harufu ya nta ya zamani ikapanda kutoka kwenye mshono. Nikalia. Nakuchukia, na nililia. Ungenikuta pale ungeniambia nisidondoshee ngozi maji.

Nikayatoa yale majani. Nikazirudisha buti kwenye gunia kama zilivyokuja, na kesho yake zikaenda Mabira kwa bodaboda ileile. Deo ni musika wako, na buti ni zake, na mpasuko ni wake.

Kisha nikaenda gulioni Kamuli. Nilipindua marundo ya mitumba mpaka wauzaji wakachoka na mimi. Nilibonyeza, nilikunja, nilinusa, nilitazama ukingo. Nilizipata buti nyeusi, nzito, soli imeshonwa, ngozi nene inayorudi ukiibonyeza. Muuzaji akasema ni za kiume, mama. Nikamwambia nipe. Nilizivaa palepale, na ndala nikaziacha kwake azitupe. Zimenikaa, Baba. Kwa fundi viatu zimeongezewa chuma kwenye visigino. Nimezipaka nta mwenyewe, polepole, kwa ncha za vidole, na mume wangu amekatazwa kuzigusa. Binti yangu aliomba anisaidie. Nimemwambia aende akacheze.

Jumamosi nakuja. Baba mdogo amekataza, na mimi nakuja. Nitapita katikati ya mabenchi ya wanaume mpaka ulipo, sitazivua njiani wala mbele yako, na mawe ya uani kwako yatalia vilevile yalivyokuwa yakilia. Nakuahidi pia hili: hakuna mtoto wa kwangu atakayepiga magoti kwa ajili ya kiatu cha mtu, hata kiwe changu.

Lala basi. Najua utasikia chuma na utauliza kwa kelele zako, "Nani huyo anaingia na viatu?"

Ni mimi, Baba. Ni Koku.